Dakika Tatu za Kila Ekari

Saa yake ilikuwa ya ukutani, kubwa kama sahani ya pilau, na aliibeba ndani ya kikapu. Aliizungushia kipande cha kitenge isigongwe, akaweka kikapu kichwani, na ukikaa kimya kwenye tuta uliisikia kabla hujamwona mwenyewe, kama panzi mwenye haraka anayekuja kwa njia ya mferejini. Sisi wa mfereji ule, nje kidogo ya Igawa, tulimwita Mgawa Maji. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye daftari la skimu ya umwagiliaji, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Hata mchungaji wake wa Kilutheri alipomwombea alisema "mama yetu Mgawa Maji", na Mungu hakuonekana kupata shida kujua ni nani.

Saa hiyo ilikuwa nyuma dakika arobaini. Nilimwambia siku ya kwanza tu, nikidhani namsaidia.

"Najua," akasema.

"Nikurekebishie, Mama?"

"Ya nini? Mimi sihitaji kujua ni saa ngapi. Nahitaji kujua zimepita ngapi."

Nikaona huyu ni mtu wa kumsogelea.

Kazi yake inaelezeka kwa maneno machache. Mfereji wetu ulihudumia mashamba manane ya mpunga, jumla ekari kumi na nusu, na maji hayakutosha kuingia kote kwa pamoja. Kwa hiyo tulipeana zamu. Kila mzunguko skimu ilitufungulia maji kwa saa ishirini na moja, zikiwa zimepangwa katika siku mbili, naye alizigawa kwa ukubwa wa shamba. Saa ishirini na moja kwa ekari kumi na nusu ni saa mbili kwa kila ekari. Mzee mwenye shamba la kwanza, pale juu karibu na lango, alikuwa na ekari mbili na robo, basi alipata saa nne na nusu. Mimi nilikuwa mkiani kabisa na robo tatu ya ekari ya kukodi, nikapata saa moja na nusu. Zamu yako ikifika, Mgawa Maji alitoa saa kikapuni, akaiegemeza kwenye zege la lango, akainua kibao kinachozuia maji, akakaa. Muda ukiisha kibao kilishuka, hata kama umebakiza jaruba moja la mpunga bila maji, hata kama una msiba.

Mimi ni mtu wa njia. Nimekulia Mlandege, Iringa, na shule niliacha darasa la sita kwa sababu ya Juma. Juma huyo alikuwa ubaoni. Alikuwa na machungwa matatu na robo, akampa Asha moja na nusu, tuseme amebaki na mangapi. Nikanyoosha mkono nikauliza ile robo Juma aliipata wapi, na nani alikula robo tatu zilizobaki. Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka. Siyo siku hiyo niliyotoka shule, lakini ndiyo siku niliyoanza kutoka.

Baada ya hapo nimepakia mbao Mafinga, nimeosha malori Ipogolo, nimebeba magunia kwenye mashine za mpunga Igawa, na katikati ya hizo kazi kuna nyingine ambazo hata sizikumbuki. Sikukimbia kazi. Nilikuwa nataka tu kujua barabara inapokata kona kuna nini. Mama yetu anaishi kwa dada yangu Mlandege, na kila nilipobisha hodi dada alisema, "Haya, vumbi limefika. Mwenyewe yuko wapi?"

Mwaka ule nilipokodi shamba nilienda kuwaambia kwamba safari hii nitaleta gunia la mpunga nililolima kwa mikono yangu. Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Alitafuta gunia tupu, akalifua, akalikausha, akalikunja, akaliweka nyuma ya mlango. "Litakusubiri," akasema. Nilirudi Igawa nikiliona gunia lile kila nilipofumba macho.

Nilimsimulia Mgawa Maji habari za Juma siku moja tukiwa tumekaa langoni, na nilitegemea acheke kama wengine. Akasema, "Uliuliza vizuri. Hata mimi ningetaka kujua." Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: kila hesabu ina mtu ndani yake, na huyo mtu anataka kitu. Mtafute yeye kwanza, namba zitakusubiri.

Swali lake lilikuwa moja, na alilitumia kama wengine wanavyotumia jembe. Ukimwambia nusu, anauliza, "Nusu ya nini?" Ukienda naye dukani ukaagiza robo, kabla muuza duka hajafungua mdomo yeye ameshakuuliza robo ya nini. Wageni walidhani hasikii vizuri.

Lakini nilimwona akiokoa watu kwa swali hilo. Jirani mmoja alikuja analia kwamba panya wamemlia nusu ya shamba, anataka miche ya robo tatu ya ekari kujazia, maana shamba lake lilikuwa ekari moja na nusu.

"Nusu ya nini?" akauliza Mgawa Maji. "Ya ulilokodi au ya ulilopanda?"

Yule jirani akafikiri. Alikuwa amepanda ekari moja tu.

"Basi panya wamekula nusu ya ekari. Hiyo ni theluthi ya shamba lako. Unataka miche ya nusu ekari, siyo ya robo tatu. Ile robo nyingine ungeipanda wapi, kichwani?"

Miche iliyobaki ya robo ekari alipewa mama mmoja wa shamba la tano, ambaye yake ilikuwa imeoza.

Kalkuleta ya simu hakuitaka kabisa. Siyo kwamba aliiogopa. Siku moja mwenye shamba la kwanza alimsomea jibu kutoka kwenye simu yake, "Moja nukta tatu tatu tatu tatu," akamkatisha: "Hizo tatu zinaishia wapi?"

"Haziishi."

"Sasa mimi nitashusha kibao lini?"

Yeye alisema saa moja na theluthi, na theluthi ya saa ni dakika ishirini, kibao kinashuka, watu wanaenda kula. Hesabu zake aliziandika kwa mkaa kwenye zege la lango, namba nzima kubwa, sehemu yake ndogo pembeni kama mtoto aliyebebwa. Mvua ikinyesha zilifutika, naye alizianza upya bila kulalamika.

Usifikiri alikuwa mtu wa kipimo katika kila kitu. Kanisani alichelewa kila Jumapili, dakika arobaini kamili, kwa sababu nyumbani hakuwa na saa nyingine. Kwenye drafti ya vizibo vya soda aliiba waziwazi. Ukimkamata alisema kizibo kimesukumwa na upepo, wakati tumekaa ndani. Na ugali wake hakuugawa sawa hata siku moja. Alikutazama usoni, akakumegea. Siku nyingine nilipata tonge mbili, siku nyingine mlima. Nikamuuliza, Mama, mbona maji unapima mpaka dakika na chakula unakadiria?

"Maji ni ya watu," akasema. "Ugali ni wangu."

Sasa nisimulie msimu ule, maana ndio ulionionyesha yeye ni nani.

Mvua za milimani zilikuwa kidogo, mto ukapungua, na mpunga ukiwa ndiyo unaanza kutoa masuke, skimu ikatupunguzia. Badala ya saa ishirini na moja tukapewa kumi na nne. Mgawa Maji aliandika langoni: kumi na nne kwa kumi na nusu, saa moja na theluthi kwa kila ekari. Kila mtu amepunguziwa theluthi, hakuna aliyependelewa. Mwenye shamba la kwanza akawa na saa tatu, mimi nikawa na saa moja. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Hata mimi niliipiga tena kwa kidole kwenye tope, ikaja ileile.

Lakini shamba langu lilikuwa linakufa, na ya wenzangu yalikuwa yanavumilia. Kwao majani yalijikunja mchana na kufunguka jioni. Kwangu yalijikunja yakabaki hivyo. Zamu mbili zilipita nikiwa nimesimama kwenye udongo uliopasuka, nikitazama mfereji mkavu na kujua kwamba kule langoni, nisikokuona, saa inahesabu muda wangu. Mtu angepita hapo wakati ule angenikuta nimeshafunga begi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kona nyingine ya barabara. Ila kila nikifikiria kona, naona lile gunia nyuma ya mlango.

Basi zamu ya tatu nikafanya ninachofanya kila ninapokosa la kufanya: nikaanza kuchunguza. Kibao kilipoinuliwa nilitupa gunzi la muhindi kwenye maji nikalifuata kwa miguu, simu mkononi. Likapita shamba la kwanza, la pili, mpaka la saba, mbiombio. Baada ya shamba la saba kuna kipande kirefu cha mchanga kabla ya kufika kwangu. Hapo gunzi likasimama. Maji yalikuwa yanalamba mchanga, yanaingia chini, yanasogea hatua moja, yanaingia tena. Nilitembea pembeni yake kama unavyotembea na mgonjwa. Lilipofika kwangu, nusu saa ilikuwa imekwisha.

Nikakaa chini, nikahesabu. Zamani nilipewa saa moja na nusu, mchanga ukala nusu, nikabaki na saa moja, nisione tatizo. Sasa napewa saa moja, mchanga unakula nusu ileile, nabaki na nusu. Wenzangu walikuwa wamepunguziwa theluthi ya maji, mimi nusu. Ndiyo mara ya kwanza maishani hesabu ya sehemu kunitoa machozi nje ya darasa.

Nikamfuata langoni. Alikuwa anafunga saa kwenye kitenge.

"Mama, umenipa saa moja."

"Nimekupa saa moja kamili. Hata nusu dakika sijakata."

"Saa moja ya nini?"

Mikono yake ikasimama juu ya kitenge. Nilijua nimemrushia jembe lake mwenyewe, na nikaogopa kidogo. Aliinua kikapu, akaondoka, na siku tatu hatukuonana.

Zamu iliyofuata aliinua kibao, na badala ya kukaa akaweka saa kikapuni, kikapu kichwani, akaanza kutembea na maji. Mwenye shamba la kwanza akamfuata, na wengine wakamfuata yeye, maana hakuna aliyewahi kumwona Mgawa Maji akiacha lango. Tulifika mchangani. Tukasimama. Tukasogea. Tukasimama. Maji yalipoingia jaruba langu la kwanza alitoa saa, akaigeuza kila mtu aione. Nusu saa.

"Subiri kwanza," akasema mwenye shamba la kwanza. "Na yale yanayobaki mferejini kibao kikishashuka? Si yanateremka kwake bure? Yeye ndiye wa mwisho."

"Swali zuri," akasema Mgawa Maji. Kweli lilikuwa zuri, hata mimi sikulifikiria.

Muda wangu ulipokwisha alimtuma mtu akashushe kibao, sisi tukabaki mkiani na ndoo tukisubiri hayo mabaki. Mchanga uliyanywa. Kilichofika kilijaza ndoo mbili.

"Ndoo mbili," akasema. "Kwa hizo utaoga. Hutavuna."

Kisha akatuambia turudi langoni, wote wanane, na pale akasimama mbele yetu. Nimeona watu wakubwa wakikosea, wengi tu, na kila mmoja alikuwa na upepo wake wa kusukuma kizibo. Yeye alisema, "Nimekosea. Miaka yote hii nimekuwa nagawa saa, nikadhani nagawa maji. Aliyekuwa mkiani kabla ya huyu naye nilimkosea, na yeye hakusema kwa sababu maji yalikuwa mengi."

Mwenye shamba la kwanza hakuguswa. "Sawa, umekosea. Sasa hiyo nusu saa ataipata wapi? Maji hayazai. Utaitoa kwa nani?"

"Mchanga ni wa nani?" akamuuliza.

"Wa mfereji."

"Mfereji ni wa nani?"

Mzee akajaribu njia nyingine. "Mgawa Maji, huyu ni wa kuja. Alifika na begi moja, ataondoka na begi moja. Msimu ujao utamsikia yuko Tunduma."

"Mpunga wake hauendi Tunduma."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa yule mzee hakuwa amesema uongo.

Mgawa Maji alichukua mkaa. Nusu saa ni dakika thelathini. Kuna ekari kumi na nusu. Kila ekari ikitoa dakika tatu, pungufu kidogo, nusu saa imepatikana. "Tuseme tatu. Kinachozidi ni cha mchanga, nao una kiu. Na yeye mwenyewe anatoa: robo tatu yake inatoa dakika mbili na robo." Akamgeukia mzee. "Wewe, ekari mbili na robo. Dakika sita na robo tatu."

Tulikuwa tumeogopa nusu saa. Ilikaa katikati yetu kama ng'ombe aliyelala barabarani. Sasa ilikuwa vipande vidogo hivi, kila mtu na chake mkononi. Mzee alisoma namba kwenye zege, akaisoma tena.

"Dakika sita na robo tatu," akasema. "Hizo mimi huzipoteza nikitafuta viatu."

"Ndiyo hizo nazitaka," akasema Mgawa Maji. "Endelea kutafuta viatu."

Kuanzia zamu ile saa yangu ilianza kuhesabiwa maji yakifika kwangu. Sikuvuna maajabu. Majaruba mawili yalikuwa yameshakwenda, lakini mengine yalifungua majani, yakatoa masuke, yakajaa. Niliposhuka kwenye basi Iringa na kupandisha Mlandege, mpunga nilikuwa nimeufunga kwenye shuka na mfuko wa mbolea, sikununua gunia. Dada alifungua mlango. "Haya, vumbi lime..." akasema, akaishia hapo. Mama alikuwa ameshashika lile gunia, analikunjua.

Mto uliporudi, zile dakika tatu zilibaki kuwa utaratibu. Mimi nami nilibaki, jambo lililomshangaza kila mtu kuanzia mimi mwenyewe. Kiangazi bado naenda kutazama kona za barabara, lakini maji yakifunguliwa nipo. Misimu miwili iliyopita macho ya Mgawa Maji yalianza ukungu, binti yake akaja kumchukua akakae naye Ipogolo. Watu wa mfereji walikaa wakaamua saa ibaki kwangu, kwa sababu, walisema, mtu anayeweza kutembea na gunzi atatembea na chochote. Wananiita Mwenye Saa. Mgawa Maji ni yeye bado.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mama, nikapitia Ipogolo. Nilimkuta Mgawa Maji uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwa kupapasa. Hakuhitaji kuniona.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona siisikii saa? Umemwachia nani?"

"Imepumzika. Zamu ni keshokutwa, nimemwomba mwenye shamba la pili anishikie. Nataka nikae hapa wiki nzima."

Aliuliza habari za kila mtu kwa namba ya shamba. Wa tano kajenga? Wa kwanza bado anapoteza viatu? Niliposikia ameanza kucheka, nikamtolea zawadi niliyokuwa nimeihifadhi mwisho.

"Na ule mchanga, Mama, hauko tena. Mwaka jana tulichangishana nguvu, wote wanane, tukaujengea zege. Siku hizi maji yanafika kwangu kwa dakika nne tu!"

Nilisubiri afurahi. Vidole vyake vilisimama juu ya ungo, kama siku ile vilivyosimama juu ya kitenge.

"Na dakika tatu?"

"Zipi, Mama?"

"Za kila ekari."

Msimu mzima na nusu. Msimu mzima na nusu nilikuwa nimeendelea kukata dakika tatu kwa kila ekari, na mchanga uliokuwa unazinywa haupo. Zilikuwa zinaingia kwenye majaruba yangu. Nilikuwa nimeona mwaka huu mpunga wangu umependeza kuliko wa wenzangu, nikadhani nimekuwa mkulima.

"Hakuna aliyeuliza," nikasema, na nilijisikia vibaya nikiwa bado naisema.

"Mimi nami hakuna aliyeniuliza, miaka mingi," akasema. Hakuwa mkali. Alichukua harage moja, akalipapasa, akalitupa. "Nne ni za mfereji. Ishirini na sita ni za watu. Mpunga umefika wapi?"

"Unatoa masuke."

"Basi wiki nzima utakaa siku nyingine."

Kesho yake alfajiri mama yangu alinifungia viazi vya njiani, nikapanda basi la kwanza. Siku ya zamu ilipofika, kabla ya kuinua kibao, niliwaita wote wakakusanyika langoni. Nikawaambia nimekosea, na nimekosea wapi. Ilikuwa sentensi fupi lakini ilinichukua muda mrefu kuliko maji kwenye mchanga. Mama wa shamba la tano alisema, "Kumbe!" Wengine walitazamana.

Nikaandika kwa mkaa: ishirini na sita kwa kumi na nusu, karibu dakika mbili na nusu kwa kila ekari, zinarudi kuanzia leo. Kikipungua kipande, kitatoka kwangu.

Mwenye shamba la kwanza alisogea karibu na zege. Macho yake nayo siku hizi si mazuri.

"Mimi zangu ngapi?"

"Tano na nusu, Mzee. Na kidogo."

Akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Kidogo cha nini?"

Wote saba walikuwa wananisubiri. Nikainama nikaokota mkaa.